Mikanda Aliyoifunga Mama Viti

Mtaa mzima wa magereji ulimwita Mama Viti, na hata wachache waliowahi kulijua jina lake walikuwa wameliacha likapotea. Alikuwa fundi wa viti vya magari. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, ambaye alimchukua akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, mtihani umemtupa, akamkalisha mbele ya cherehani ya miguu. "Shule imekukataa," mjomba alimwambia, "lakini sindano haina kinyongo na mtu." Mjomba alipofariki, karakana ikabaki mikononi mwake: chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati, meza ya kukatia, marobota ya ngozi ya bandia yaliyosimamishwa ukutani kama walinzi, na sponji zilizorundikwa hadi darini. Harufu ya gundi ilikuwa imeshamkaa kwenye nywele kiasi kwamba mumewe alisema angemtambua hata akifumbwa macho sokoni.

Mume huyo alikuwa kinyozi, na kibanda chake kilikuwa mlango wa tatu kutoka karakana. Kama vinyozi wengi, alikuwa na jibu kabla swali halijamalizika. Walikuwa wamelea watoto watatu, wote wakaondoka nyumbani, na sasa walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja kwenye benchi nje ya karakana, wakibishana mambo madogo madogo kwa raha zao.

Mama Viti hakuwa mtu wa kuandika. Kila gari alilolishonea viti, alikata kipande kidogo cha kitambaa kilichobaki, akakibana kwa pini kwenye waya uliopita ukutani. Ukimuuliza habari za gari la miaka kumi iliyopita, alikuwa akitembea kando ya waya ule akipapasa vitambaa kwa vidole, mpaka anasema: "Hili hapa. Kijani lenye mistari. Mwenyewe alikuwa na mbwa."

Pamoja na viti, alifunga mikanda ya usalama. Magari ya zamani yalitoka kiwandani bila mkanda hata mmoja, na askari wa barabarani walipoanza kuwa wakali, wenye magari hayo walikimbilia kwake. Mjomba alikuwa amemwonyesha namna: toboa sakafu ya gari, pitisha bolti nene, weka washa, ile pete bapa ya chuma, chini, weka nati, kisha kaza mpaka ilie. Akakaza mpaka zikalia kwa miaka ishirini na miwili. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Jumanne moja asubuhi likaingia gari ambalo lilisimamisha kazi mtaa mzima. Lilikuwa la michezo, la watu wawili tu, na umri wake ulimzidi Mama Viti. Pua ndefu, paa la turubai, kioo cha mbele kinacholazwa, rangi ya krimu isiyo na doa. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno mstaafu, mzee mfupi, msafi, aliyekuwa amelifufua gari hilo msumari kwa msumari kwenye baraza la nyumba yake kwa miaka saba. Nyuma yake alishuka mkewe kutoka kwenye teksi. Huyu alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, naye kastaafu, na kila mtu, pamoja na mumewe, alimwita Sista.

"Shikamoo, Daktari," alisema Mama Viti.

"Marahaba, fundi. Nimekuletea mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Yeye haumwi kitu. Mke wangu ndiye anaumwa. Hataki kulipanda. Unaona mwenyewe, amekuja na teksi nyuma yangu kama msindikizaji wa jeneza."

"Siumwi," alisema Sista. "Nina akili zangu."

Alichotaka Sista ni mikanda inayopita begani. Gari lilikuwa na mkanda wa tumbo tu, tena wa upande mmoja, uliofungwa na mtu asiyejulikana, na yeye mkanda wa tumbo peke yake alikuwa hataki kuusikia. "Nimesimama chumba cha upasuaji miaka thelathini na moja," alisema. "Mkanda wa tumbo ninaujua kwa kazi yake. Mtu anakunjika kama kisu cha mfukoni, uso unaufuata usukani, na matumbo yanabanwa katikati. Sisi ndio tuliokuwa tunayashona. Nataka wa begani, kulia na kushoto, ndipo nitapanda na kwenda naye popote anapotaka."

Kazi haikuwa rahisi. Gari lenye paa la turubai halina nguzo pembeni za kushikizia mkanda kwa juu. Ila nyuma ya viti kulikuwa na ukuta wa bati uliotenganisha abiria na buti, na Mama Viti akaona hapo ndipo pa kufunga. Sista akasisitiza kwamba mahali pa kushikizia pasiwe chini sana ya bega, kwa sababu mkanda ukivutwa kutoka chini huliponda bega na uti wa mgongo kuelekea kitini. Wakamkalisha Daktari, wakapima. Ukuta ulifika karibu sawa na bega lake.

"Leo ndiyo mara ya kwanza ufupi wako umetusaidia," alisema Sista, na Daktari mwenyewe akacheka.

Mama Viti alinunua mikanda mipya, mizima, yenye visanduku vyake vya kujivuta. Alifanya kazi siku tatu. Alitoboa ukuta, akapitisha bolti, akaweka washa, akaweka nati, akakaza mpaka ikalia. Ijumaa asubuhi mkanda wa upande wa abiria ulikuwa tayari, umelala begani kwa kiti kama utepe wa zawadi.

Sista akauangalia bila kuugusa. "Umeujaribu?"

"Nimeuvuta." Na ni kweli alikuwa ameuvuta, kwa mikono miwili, mguu mmoja ukisukuma kiti.

"Wewe una kilo ngapi, mama?"

"Sitini na kitu."

"Gari likigonga ukuta, mtu wa kilo sabini hana tena kilo sabini. Mkanda unamsikia kama tani na zaidi. Hapa mtaani hamna winchi?"

Winchi ilikuwepo. Ng'ambo ya njia alikuwepo Fundi Injini, mwanaume mpole mwenye mabega mapana, aliyekuwa na winchi ya mkono ya kuvutia magari yaliyokwama. Daktari alipoelewa nini kinataka kufanyika, akasimama kati ya mkewe na gari.

"Sista, hili gari nimelala nalo miaka saba."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nalala peke yangu." Kisha akalainisha sauti. "Mume wangu, kama mkanda utang'oka, bora ung'oke gari likiwa limesimama."

Basi wakaweka gunia la mchanga kwenye kiti, wakalifunga mkanda kama abiria. Kioo cha mbele kikalazwa, boneti ikafunikwa magodoro. Chesi, fremu ya chini ya gari, ikafungwa kwa nyuma kwa mnyororo kwenye nguzo ya chuma, na winchi ikafungwa mbele, kwenye nguzo ya pili, ndoano yake ikanaswa kwenye gunia. Mafundi wa jirani wakakusanyika, wengine na vikombe vyao vya chai. Mama Viti alisimama amekunja mikono. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa akiwaza tu kwamba watu waliosoma wanapenda kujipa kazi.

Fundi Injini akaanza kuvuta. Mkanda ukanyooka, ukakaza, gunia likaegemea mbele. Akavuta tena, meno ya winchi yakilia moja moja. Halafu ukasikika mlio mdogo, mlio wa kifuniko cha mtungi kinapofunguka, na gunia likaruka juu ya magodoro likapasuka, mchanga ukamwagika hadi kwenye taa.

Fundi Injini aliangalia mkono wa winchi, akaangalia gunia. "Hata nusu ya nguvu yake sijafika," alisema taratibu, kama anayeomba radhi.

Mama Viti alisogea. Mkanda ulikuwa umelala kwenye boneti, haujakatika hata uzi. Mwishoni mwake ilining'inia bolti, na kwenye bolti ile washa na nati vilikuwa pale pale alipoviweka. Akajaribu kuizungusha nati kwa vidole. Haikusogea. Aliikaza vizuri. Hicho ndicho kilichomkausha damu: hakuna alichokosea katika alichofundishwa. Kila kitu kilikuwa kizima ila bati. Kwenye ukuta wa gari kulikuwa na tundu la kuingia vidole viwili, kingo zake zimekunjuka mbele. Ilikuwa ni kama kifungo kinachong'oka kwenye shati na kipande chake cha nguo.

"Bati ni jembamba," alisema Fundi Injini, akiingiza kidole. "Na washa yenyewe ni ndogo. Hapa panataka bamba la chuma nyuma, pana kama kiganja, tena lichomelewe."

Daktari alikuwa amekaa juu ya tairi, analitazama gari lake kama mtu aliyetobolewa yeye. Lakini Sista hakuliangalia tundu. Alimwangalia Mama Viti usoni, akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo bila shaka alikuwa akiitumia kwa ndugu wa wagonjwa: "Umefunga mangapi namna hii?"

Mama Viti aligeuka akaingia karakana, akasimama mbele ya waya wa vitambaa, na kwa mara ya kwanza akauona ulivyo mrefu.

Mafundi walitawanyika kimya kimya. Fundi Injini alimfuata ndani, akamtafutia kigoda, akamweleza kwamba si yote. Magari ya miaka ya karibuni yana chuma kinene kilichowekwa na kiwanda mahali pa mikanda, na huko yeye alikuwa akibadilisha mikanda tu. Hatari ilikuwa kwenye yale ya zamani, yaliyotobolewa. Mama Viti alimsikia kwa mbali. Kisha akainuka, akaanza kuchomoa vitambaa vya magari ya zamani kimoja kimoja na kuviweka mezani. Vilifika thelathini na nne.

Kitambaa cha thelathini na nne kilikuwa rangi ya damu ya mzee. Hicho alikiweka peke yake.

Kilitoka kwenye gari la mpima ardhi mmoja, mtu mrefu mwenye miwani, aliyefariki barabarani miaka sita iliyopita. Gari lake liligonga lori lililokuwa limeegeshwa bila taa. Yeye alikutwa nje, ameshapita kwenye kioo. Polisi waliandika kwamba hakuwa amefunga mkanda, na mtaa mzima ukapokea hivyo. Mama Viti alikwenda msibani. Alikaa mkekani na wanawake wengine, na wakati mjane akilia, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alimwambia mama wa marehemu: "Na mkanda nilimfungia mimi, mama. Angeuvaa tu."

Alikumbuka neno kwa neno. Akarudi kukaa kwenye kigoda.

Mumewe aliitwa. Alikuja na kitana bado kiko nyuma ya sikio, akasikiliza yote, akaliona tundu kwenye ukuta wa gari, akarudi akakaa kando ya mkewe. Kisha akasema, "Mke wangu, yaliyopita si ndwele."

"Haya hayajapita," alisema Mama Viti. "Yako barabarani. Watu wameyapanda sasa hivi tunavyoongea."

Kinyozi alitafakari. Kisha akaenda kufunga kibanda chake, akarudi. "Nisomee hivyo vitambaa," alisema. "Nusu ya hao watu nawanyoa mimi. Najua wanakokaa."

Wiki tatu walizunguka. Walikwenda nyumba kwa nyumba, na kila mahali Mama Viti alisema maneno yale yale, bila kuyapamba: mkanda niliokufungia hautakushika, niletee gari nilirekebishe, na mpaka hapo usilipande. Mstaafu mmoja wa reli alimfokea mlangoni mbele ya wajukuu, akamwita muuaji, akafunga mlango. Kesho yake akaleta gari. Mama mmoja muuza nguo alimshukuru kwa kumshika mikono miwili, na hilo lilimuuma zaidi ya kufokewa. Dereva mmoja mnene alisikiliza kwa makini hadi mwisho, akasema, "Usijali, mama. Sijawahi kuuvaa hata siku moja." Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Viti hakuweza.

Alikwenda pia ofisi ya usalama barabarani. Karani akamwandika, akamwambia atapigiwa. Hakupigiwa. Akabandika tangazo lake mwenyewe kwenye magereji yote aliyoyajua. Fundi Injini alikata mabamba ya chuma, akayachomelea chini ya kila gari lililokuja, na kila moja walilivuta kwa winchi kwanza. Sista alikuja siku za mwanzo kusimamia, amekaa kwenye kiti cha plastiki na mwavuli, akisema "Vuta tena" hadi Fundi Injini akaanza kumwogopa. Gari la Daktari lilikuwa la kwanza kukamilika. Bamba lilishika, nguzo ya winchi ndiyo iliyoanza kupinda.

Magari ishirini na matano yalipatikana. Manne yalikuwa yameshakatwa vyuma chakavu. Manne yaliuzwa kwa watu waliouza tena kwa watu, na habari zake zikaishia hapo. Kikabaki kitambaa kile kimoja.

"Huyo hana gari tena," kinyozi alimwambia kwa upole. "Mtu ameshakufa. Unakwenda kurekebisha nini?"

"Sijui," alisema. "Lakini niliongea msibani kwake."

Alikwenda peke yake, Jumamosi asubuhi. Mjane wa mpima ardhi alikuwa akifanya kazi maktaba. Mwanamke mkimya, mwenye mabinti mapacha wa miaka kumi na saba, na kwa hiyo wote walimwita Mama Pacha. Alimkaribisha vizuri nyumbani kwake, akampa kiti sebuleni. Mapacha walikuwa mezani na madaftari yao. Mama Viti aliposema amekuja kwa habari ya mikanda, mjane akatikisa kichwa kabla hajaendelea.

"Mikanda ndiyo wimbo wa nyumba hii," alisema. "Hawa wanangu nimewalea nayo. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu," mapacha walijibu pamoja, bila kuinua vichwa. Ilionekana ni jibu la kila siku.

"Baba yao alikuwa mtu mzuri," alisema mjane, "lakini mkaidi. Asubuhi ile nilimwambia funga mkanda, akanijibu ndiyo, ndiyo. Miaka sita nimemkasirikia marehemu, Mungu anisamehe."

Mama Viti aliuliza, "Gari lilikwenda wapi?"

"Liko nyuma. Nilishindwa kuliuza, nikashindwa kulitupa."

Lilikuwa kando ya tangi la maji, chini ya turubai lililochanika. Wakalifunua. Pua yake ilikuwa imekunjwa kama karatasi, na kuku mmoja alitoka chini ya kiti kwa hasira. Viti bado vilikuwa rangi ile ile, ushonaji wake Mama Viti aliutambua. Akapiga magoti kwenye mlango wa dereva, akaingiza mkono kati ya kiti na mlango, akaushika mkanda, akauvuta.

Ulikuja bila kizuizi. Ulikuwa umefungwa. Ulimi wa chuma ulikuwa ndani ya kifungio, umekamatwa barabara, vumbi la miaka sita limetanda juu yake. Ncha ya ndani ilikuwa bado imeshikwa sakafuni. Ncha ya nje ilikuwa huru, na mwishoni mwake ilining'inia bolti, na washa iliyopinda kama kisahani. Mama Viti akalifunua zulia lililooza. Kwenye sakafu palikuwa na tundu, kingo zake zimekunjuka juu.

Alibaki amepiga magoti. Alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bomba la tangi, tone baada ya tone, na alitamani yasiache, kwa sababu yakiacha itabidi aseme. Angeweza kuurudisha mkanda mahali pake. Angeweza kusema hapa hamna cha kuona, tufunike. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua kusoma kilichoandikwa pale ila yeye.

"Umeona nini?" aliuliza mjane nyuma yake.

"Mama Pacha, njoo uangalie kifungio hiki. Usikiguse. Kiangalie tu." "Kimefungwa. Mumeo alifunga mkanda. Aliuvaa. Mkanda ulimshika, bolti ikang'oka. Bolti yangu. Niliifunga mimi, na niliifunga vibaya, na nilikuwa sijui."

Mjane aliinama, akaangalia. Uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulitafuta kitu cha kushika, ukashika mlango wa gari.

"Alifunga," alisema.

"Alifunga."

"Aliniambia ndiyo, ndiyo." Akakaa chini, pale pale kwenye udongo, na gauni lake safi. "Nimewafundisha watoto wangu uongo juu ya baba yao."

Baada ya muda alimwuliza Mama Viti kama mkanda ungeshika mumewe angepona. Mama Viti akasema hajui, lakini kuna mtu anayeweza kujua zaidi yake. Mchana ule ule akaenda kumleta Sista. Sista alilizunguka gari zima, akakaa mahali pa dereva, akapima kwa macho umbali wa usukani, akauliza marehemu alikuwa na urefu gani. Kisha akamshika mjane begani. "Sitakudanganya, binti yangu. Mkanda wa tumbo, na gari lililokunjika hivi? Huenda angepona akiwa na majeraha mabaya. Huenda asingepona. Sijui, na atakayekuambia anajua, usimwamini."

Mjane alimshukuru. Kwa Mama Viti hakugeuka. Alisema tu, akiangalia pembeni, "Mama mzazi wa marehemu yu hai. Kesho nitamwita. Utakuja uyaseme haya mbele yake na mbele ya wanangu. Sitayasema mimi."

Usiku wa kuamkia Jumapili kinyozi alijitolea kumsindikiza. Mama Viti akamkatalia. Halafu alfajiri akabadili mawazo, akamwambia twende, lakini leo usiongee. Na kinyozi, kwa mara ya kwanza tangu waoane, aliweza.

Mama wa marehemu alikuwa ajuza mdogo wa umbo, mikono yake imejaa mishipa. Alikaa kwenye kochi kati ya mapacha. Mjane alisimama mlangoni. Mama Viti hakukaa. Alisimama katikati ya sebule kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, akasema yote tangu mwanzo: mjomba alivyomfundisha, winchi, tundu kwenye gari la Daktari, vitambaa, kifungio. Alisema pia alichokisema msibani, neno kwa neno.

Alipomaliza, pacha mmoja alikuwa analia bila sauti. Mwenzake alikuwa amemkazia Mama Viti macho makavu, ya chuki tupu, na Mama Viti aliyapokea.

Ajuza alikuwa ameinamisha kichwa. Walidhani hakusikia vizuri. Kisha akainua uso.

"Rudia," alisema.

"Nirudie wapi, mama?"

"Hayo ya bolti sitaki. Rudia pale pa mkanda."

"Ulikuwa umefungwa, mama. Kifungio hakijafunguliwa mpaka leo. Mwanao alifunga."

"Tena."

"Mwanao alifunga mkanda, mama."

Ajuza akashusha pumzi, pumzi ndefu, akapiga goti lake kwa kiganja mara mbili. "Nilimlea mtoto anayesikia," alisema. "Watu wakasema nimelea mkaidi. Miaka sita nimenyamaza, kwa sababu karatasi ya serikali ilisema hivyo, nami ningesema nini?" Akawageukia wajukuu zake, akawashika videvuni mmoja baada ya mwingine. "Mmesikia? Baba yenu alikuwa anasikia."

Hakumwambia Mama Viti kwamba amemsamehe. Hakumlaani pia. Walipokuwa wanatoka alimwita, akamwagiza akafunge mikanda ya watu sawasawa, akasema macho yake sasa yamechoka na anataka kulala.

Siku zilizofuata mjane alikwenda polisi na picha za kifungio kile. Ilichukua miezi mitano na safari zisizo na idadi, Sista akiwa pembeni yake na mwavuli, mpaka afisa mmoja akakubali kuandika upya mstari ule kwenye jalada. Mama Viti alitoa maelezo na kuweka saini. Aliambiwa huenda ataitwa mahakamani. Alijibu kwamba akiitwa atakwenda, na mfuko wake wa nguo ulikaa tayari nyuma ya mlango kwa muda mrefu. Hakuitwa.

Bado anashona viti, bado anafunga mikanda, na hakuna gari linalotoka pale bila kuvutwa kwa winchi mbele ya mwenyewe. Wengine hulalamika kwamba anawachelewesha. Na Mama Pacha hajawahi kuja karakana. Wakikutana njiani husalimiana, habari za asubuhi, nzuri, watoto wazima, wazima, kila mmoja akaendelea na safari yake. Juzi kati pacha yule wa macho makavu ndiye aliyesimama. Alimwuliza kama ni kweli bamba linatakiwa liwe pana kama kiganja. Mama Viti akamwambia ni kweli, akamwonyesha kwa mkono wake. Binti akauangalia ule mkono, akasema asante, akavuka barabara.